Albamu Zilizokosa Matoazi

Walimwita Hakimu, ingawa mahakamani hakuwahi kukanyaga. Alikuwa seremala, fundi wa milango na kabati za jikoni, na jina hilo alibandikwa na kikundi cha watu wachache waliokuwa wakipenda muziki wa metali. Si ule wa kubembeleza. Ule mkali kabisa, ambao mwimbaji anakoroma kama mtu aliyekabwa koo na dramu zinakimbia kama zimefukuzwa na mbwa. Albamu mpya ikitoka, kundi zima kwenye simu lilikaa kimya likimsubiri yeye. Jumapili baada ya chai aliingia chumbani, akafunga mlango, akavaa hedifoni zake kubwa ambazo upande mmoja zilishikizwa kwa gundi ya mbao, akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo hata mmoja. Halafu akarekodi hukumu kwa sauti yake na kuituma. Akisema ni takataka, basi ni takataka. Akisema ni mali, watu waliitafuta kwa udi na uvumba.

Mtaani walidai anapenda kelele zile kwa sababu anatengeneza majeneza. Uongo mtupu! Jeneza hajawahi kutengeneza hata la paka. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja na ambaye kila mtu alimwita Shangazi, alikuwa na swali lake lilelile kila Jumapili: "Hivi huyo anayeimba ameumia wapi, na kwa nini wenzake hawampeleki hospitali?"

"Haumwi, dada. Anaimba."

"Akiimba hivyo, akiumwa itakuwaje?"

Hakimu alicheka tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mke wake alipofungasha virago na kwenda kuolewa kwingine, akimwachia mtoto wa kike ambaye bado alikuwa anajifunza kuhesabu vidole, watu walimngoja alie, wala hakulia. Siku ya pili yake alikuwa karakana anapiga randa kama kawaida. Lakini alikuwa na hasira na uchungu tele, visivyokuwa na pa kutokea, mpaka siku alipokutana na muziki ule kwenye redio ya mteja mmoja. Akasimama na bawaba mkononi. Kuna mtu mahali fulani alikuwa anapiga yowe lile lile ambalo yeye alikuwa amelimeza. Tangu hapo hakuuacha. Muziki ulilia kwa niaba yake, yeye akapumzika.

Na yule mtoto akakulia humo humo. Wenzake waliimbiwa wakalala, yeye alilala kifuani kwa baba huku gitaa zinanguruma. Alianza kupiga dramu kwa vipande vya mbao juu ya makopo ya misumari, pale pale karakana, akaendelea hadi makopo yakapasuka. Sasa alikuwa mwanamke mzima, anauza kwenye duka la dawa, mpole wa kuongea mpaka wateja walimwinamia wamsikie. Ila ukimweka nyuma ya dramu, loo, ungetafuta pa kujificha. Alikuwa na bendi ya watu watatu: yeye, mpiga gitaa ambaye ndiye aliyeimba, na wa besi ambaye hakuongea kabisa. Walifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya gereji. Na mwaka huo, baada ya kuhangaika sana, walikuwa wamerekodi albamu yao ya kwanza, na kampuni moja ndogo ya ng'ambo ilikuwa imesikia nyimbo mbili ikasema itaitoa. Binti hakuwa na mchumba, hakuwa na kiwanja, hakuwa na ndoto nyingine ya pembeni. Alikuwa na hiyo albamu. Na hakuwa tayari kuituma kabla baba hajatoa hukumu.

Sasa, mwaka huo Hakimu alikuwa amekasirika. Albamu alizozisikiliza zilimchefua, moja baada ya nyingine. Ile yenye jalada la nyumba inayoungua aliisubiri sana, na hukumu yake ilikuwa hivi: "Gitaa zimekatwa vizuri, kingo kali, hakuna mabaki. Mwimbaji anatoka chini kabisa, tumboni, nampa heko. Lakini jamani, matoazi, zile sahani za shaba, yako wapi? Dramu bila matoazi ni mlango bila kitasa. Unaingiaje?" Ikaja nyingine ya watu wanaopiga polepole sana, pigo moja, halafu unangoja mpaka unasahau, halafu pigo jingine. Akasema: "Huzuni ipo. Nimekaa nayo, imenikaa kifuani kama gunia. Ila wameifunika blanketi. Nani kawafundisha watu kurekodi siku hizi?" Ya tatu, ya vijana wanaopiga kwa kasi ya kichaa, aliizima katikati, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Nasikia mtu anatimka tu kwenye matope," alisema. "Wazembe. Wamepewa kila kitu, wanashindwa hata kurekodi toazi."

Kwenye kundi wengine walikuna vichwa. Wao waliyasikia matoazi. Lakini nani ambishie Hakimu? Wakanunua spika mpya, wengine wakasafisha masikio. Mmoja aliandika kwamba kweli, akisikiliza vizuri, anaona yamefifia.

Wewe umeshajua. Kila mtu angejua, isipokuwa mwenyewe. Albamu zilikuwa nzima. Masikio ndiyo yalikuwa yamekufa upande wa sauti za juu, zile nyembamba za kumeremeta kama za matoazi, na yaliliwa na randa ya umeme na msumeno, kidogo kidogo, miaka na miaka. Usiseme angeziba masikio. Aliambiwa sana. Lakini seremala anafanya kazi kwa sikio. Msumeno ukianza kuwa butu unabadilisha sauti kabla mkono haujahisi kitu. Ukigusa msumari uliojificha ndani ya ubao unalia namna nyingine kabisa, na usiposikia mara moja, kipande kinakurukia usoni. Hakimu alikuwa na vidole vyote kumi, na vidole hivyo alivinusuru kwa kutoziba masikio. Basi vikabaki vidole, masikio yakaenda.

Shangazi alikuwa ameona. Siku hizi ilimbidi apige kelele akimwita kula, lakini aliona ni uzee tu. "Umekuwa kiziwi wewe," alimwambia siku moja. Hakimu akajibu, "Ni wewe umeanza kunong'ona." Wakaishia hapo, kwa sababu ndivyo ndugu wanavyoongea.

Jumapili ya albamu ya binti, Hakimu alinyoa ndevu. Binti aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, akimwangalia baba usoni kama mgonjwa anayemwangalia daktari. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili. Hakimu akakunja uso. Ulipofika wa nne akavua hedifoni.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita binti yake, "mbona hupigi matoazi?"

"Nayapiga, baba."

"Hapa hayapo."

"Yapo... nadhani yapo."

"Unadhani? Wewe ndiye uliyepiga, unadhani?" Akamwona binti amenywea, naye akalainika. "Sikiliza. Mikono yako ni mizuri. Miguu ndiyo usiseme, hakuna mtu hapa anakimbiza miguu hivyo. Kosa ni la huyo fundi sauti wenu. Ameyazika. Mwambie ayapandishe."

Binti akaenda kwa fundi sauti. Huyu alikuwa mtu mtaratibu mwenye studio ndogo juu ya duka la vifaa vya umeme. Akaisikiliza tena mbele yake, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, yapo. Yamekaa pale pale yanapotakiwa. Nikiyapandisha zaidi watu watasikia meno yanawauma."

"Baba amesema."

"Hakimu mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Fundi sauti akageukia mitambo yake. Yeye pia alikuwa kwenye kundi. Kuna albamu alizopenda kwa sababu Hakimu alisema zipendwe, na yeye ni nani hata ajiamini kuliko mtu yule? Akayapandisha. Binti akapeleka nyumbani, baba akasikiliza, akasema, "Bado." Akarudi, yakapandishwa tena. Mpiga gitaa aliposikia akashika kichwa: "Nyundo, hii inanipasua," alisema, kwani Nyundo ndilo jina la binti kwenye bendi. "Yaani nikiimba nasikia kama mtu anamwaga sufuria juu yangu." Binti akajibu lilelile, baba amesema. Na mpiga gitaa, ambaye alianza kupenda metali kwa kusikiliza hukumu za Hakimu, akainua mabega akakubali. Hata binti mwenyewe masikio yalimwambia kitu na moyo ukamwambia kingine, akaamini moyo.

Mara ya tatu Hakimu alisikiliza hadi katikati ya wimbo wa kwanza, akasimama na waya wa hedifoni ukamvuta shingo.

"Hapo!" alipiga kelele. "Hapo sasa! Shangazi, njoo usikie mtoto wako!"

Shangazi akaja mlangoni na mwiko. Hakimu alikuwa analia. Mtu ambaye hakulia mke alipoondoka, machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu zilizoanza kuota tena. Binti naye akalia kwa furaha, akamkumbatia, na siku hiyo hiyo albamu ikatumwa ng'ambo.

Kampuni ile haikusikiliza upya, iliitoa kama ilivyokuja.

Mwanzoni kundi lilikuwa kimya. Hakimu alikuwa ameshatuma hukumu ndefu kuliko zote, alisema bila haya kwamba ni ya binti yake na kwamba angesema hayo hayo hata ingekuwa ya adui. Hatimaye mtu mmoja akaandika kwa adabu: "Hakimu, samahani, hii umeisikiliza kweli?" Mwingine akasema mtoto wake mdogo amelia. Ng'ambo hawakuwa na adabu. Mmoja aliandika kwamba inaelekea kuna bendi nzuri inapiga chumba cha pili, ila chumba hiki kuna mtu anavunja chupa bafuni na haachi. Watu wakacheka, wakaisambaza ile sentensi kuliko albamu yenyewe. Kampuni ikaiondoa. Ikaandika kwamba imesikitika na haitaendelea na bendi.

Mpiga gitaa alikuja mazoezini kuaga tu. Alimwambia binti kwamba watu wanasema mpiga dramu amejipenda mpaka kawafunika wenzake, na kwamba yeye hana nguvu ya kuanza upya. Wa besi akamfuata, bila kuongea, kama kawaida yake. Binti alisimama pale stoo akapokea yote. Angeweza kusema sentensi moja tu, baba amesema, kama alivyoisema kwa fundi sauti na kwao. Safari hii hakuisema. Alibeba lawama peke yake akaenda nayo kazini, akauza vidonge vya kichwa siku nzima.

Hakimu alivimba kwa hasira. "Viziwi!" alisema. "Dunia imejaa viziwi!" Akaacha mlango wa mteja umelala mezani nusu umepigwa msasa, akatoka na vumbi la mbao mabegani, hadi kwa fundi sauti. Binti akamfuata nyuma anamwomba arudi.

"Waambie watu!" Hakimu alimwambia fundi sauti. "Wewe ulirekodi. Waambie kwamba iko sawa!"

Fundi sauti akamvutia kiti. "Mzee wangu, kaa kwanza."

"Sikai."

"Basi simama. Nikuombe kitu kimoja, halafu unitukane utakavyo. Geukia ukuta. Nikigonga toazi, inua mkono."

Hakimu akamwona ni mjinga, lakini akageuka. Ukuta ulikuwa umebandikwa trei za mayai za karatasi, za kuzuia mwangwi. Akazitazama. Akangoja. Alisikia moyo wake na gari linapita nje, na viatu vya fundi sauti vikisogea sakafuni. Akangoja mpaka shingo ikamuuma.

"Si ugonge!" alisema.

Akageuka. Fundi sauti ameshika kijiti mkononi, anaangalia chini. Toazi dogo bado lilikuwa linayumba kwenye kigingi chake. Na binti yake, mlangoni, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Umegonga?" Hakimu aliuliza.

"Nimegonga, mzee."

"Mara moja?"

"Nyingi."

Hakimu akasogea, akaligusa lile toazi kwa ncha ya kidole. Lilikuwa linatetemeka. Akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

Hospitali walimweleza kwa upole kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba kilichobaki nacho kiko njiani kwenda. Walimpa vifaa vya kuvaa masikioni. Vilimletea sauti ya Shangazi vizuri sana, jambo ambalo alisema si faida kubwa, lakini kwenye muziki vilikoroga kila kitu, akavirudisha kwenye kiboksi chao. Akatuma hukumu ya mwisho kwenye kundi: zile albamu zote za mwaka ule alizozitukana, zina matoazi, asamehewe na waliozipiga, na asiulizwe tena. Watu wakamjibu kwa maneno ya huruma, mengi, mazuri. Aliyasoma yote na kila moja lilimchoma. Heri wangemcheka.

Binti alizifungasha dramu. Alizivika mashuka ya zamani akazisukuma chini ya kitanda na nyuma ya kabati, na nyumba ikawa na utulivu ambao hata Shangazi hakuupenda.

"Ungewaambia ni mimi," Hakimu alimwambia.

"Ningewaambiaje, baba?"

"Kwamba baba yako kiziwi."

"Sikujua. Na ningejua nisingesema."

"Kapige na watu wengine. Wapo."

"Wapo," binti alisema. "Hawanitaki. Kila mtu ameisikia." Akachukua kikombe cha baba akaenda kukiosha. Sauti yake ilikuwa haina lawama hata chembe, na hicho ndicho kilichomnyima Hakimu usingizi. Alikuwa amemharibia mtoto kitu pekee alichokuwa nacho, kwa mdomo wake mwenyewe, huku analia kwa furaha.

Na sasa nikwambie jambo baya zaidi. Ile albamu iliyoharibika, ile ya chupa za bafuni, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Alijaribu kusikiliza ile ya kwanza, kabla hajaigusa mtu, ambayo binti aliitunza. Ilikuwa kama watu wanaongea nyuma ya ukuta. Alizijaribu zile za zamani, zilizomtoa kwenye uchungu wa mke, na zote zilikuwa zimeingia matopeni. Lakini hii moja! Hapa kila pigo la mkono wa mtoto wake lilifika. Alisikia pale anapochelewesha toazi kidogo makusudi ili pigo lizame, pale anapolishika kwa vidole kulinyamazisha, pale alipochoka mwisho wa wimbo wa sita na akaendelea kwa ukaidi tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuvumilia kusikiliza kitu kile, na yeye hakuwa na kingine cha kusikiliza. Akawa anakifungulia Jumapili baada ya chai, mlango umefungwa, kama mwizi.

Binti alijua. Siku moja aliingia na nguo zilizopigwa pasi akamkuta anatikisa kichwa, amefumba macho. Hakimu alipofumbua macho alizima haraka haraka.

"Usizime, baba."

"Naipima tu."

"Usizime. Angalau kuna mtu mmoja anaisikia." Akaweka nguo kitandani akatoka, na hawakulizungumzia tena.

Mvua zikaja zikaisha. Karakana ilipata mtu mwingine wa kushika msumeno, Hakimu akabaki na kazi za mkono, za msasa na gundi, kwa sababu sasa hata msumari ndani ya ubao haukumwambia kitu. Jumapili moja akaingia chumbani kama kawaida. Akavaa hedifoni, akafungua, akakaa. Akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka mwisho. Nyuma ya mlango Shangazi alikuwa anapiga kelele kwamba apunguze, majirani watasema nini, na kelele hizo hazikumfikia.

Binti alipochungulia, alimkuta amezivua hedifoni, ameziweka mapajani. Zilikuwa zinavuma chumba kizima, na yeye anaziangalia.

"Mama," alisema. Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Umeirekebisha tena hii? Naona matoazi umeyashusha."

Binti akaja akachuchumaa mbele yake ili baba ausome mdomo wake.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nimeyashusha kidogo."

"Yarudishe."

"Nitayarudisha."

"Yalikuwa mazuri vile."

Binti akaitikia kwa kichwa, akachukua hedifoni mapajani kwa baba, akazima.